Jumamosi ya Tatu

Jumamosi, 1 Novemba

Mama alituacha juzi. Nimelia mpaka macho yamevimba, na bado sijaamini.

Leo kikao cha familia, nyumbani karibu na Lugulu. Kaka yangu Barasa, mnunuzi wa mahindi mwenye lori na tumbo, alikalia kiti cha marehemu Baba bila kukaribishwa. Akasema mazishi yawe wiki tatu kutoka leo, ili dada yetu Dinah apate ruhusa kwa mwajiri wake huko Qatar, aje amwone Mama mara ya mwisho. Wote wakaitikia. Kabla Barasa hajaanza kugawa kazi nikaruka nikajitolea kuwa katibu wa kamati ya mazishi. Katibu ndiye hushika kibali cha kuzika. Ndiye hupeleka tangazo redioni. Na ndiye husoma historia ya marehemu kwenye kipaza sauti! Miaka yote Barasa huongea, mimi hushika mwavuli. Safari hii aushike yeye.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudi dukani Kitale. Hesabu nimeshamaliza. Jumamosi ya kikao, moja. Tarehe nane, mbili. Tarehe kumi na tano, tatu. Basi mazishi ni tarehe kumi na tano.

Mke wangu Chepkosgei, mtu wa Mlima Elgon na mbishi wa kuzaliwa, akauliza vipi siku ile ya kikao iwe wiki nzima. Ati wiki haijatembea na tayari nimeihesabu? Nikamweleza kwamba ukihesabu ng'ombe unaanza na yule aliye mbele yako, si na aliye nyuma yake. Akasema, Baba Hillary, si umpigie tu kaka yako umuulize. Nimpigie Barasa! Ili atangazie ukoo mzima kwamba katibu hajui kuhesabu mpaka tatu. Nikakataa, nikala ugali wangu kwa hasira.

Alhamisi, 6 Novemba

Habari njema. Barasa amepita mpakani Suam, amevuka ng'ambo kutafuta mahindi, na simu yake haipatikani. Mungu yupo.

Nimeandika kwenye grupu ya familia: mazishi ni Jumamosi ya tatu kama tulivyokubaliana, ni mimi, Katibu. Tarehe sikuweka. Anayetaka tarehe aulize katibu. Hakuna aliyeuliza. Dinah peke yake ndiye aliyejibu, akaniomba nimwambie Mama amngoje. Nililia mbele ya mteja aliyekuja kununua mbolea. Aliondoka bila kununua.

Jumatano, 12 Novemba

Tangazo limesomwa redioni, na tarehe kumi na tano imetajwa. Jina langu pia! Jirani yangu Kiptanui, ambaye kwa kawaida hunisalimu kwa kidevu, alivua kofia akanipa pole. Historia ya Mama imefika kurasa kumi na moja. Nne kati yake zinanihusu mimi, lakini mtoto ni sehemu ya maisha ya mamaye. Barasa nimempa sentensi moja. Ndefu kidogo.

Ijumaa, 14 Novemba

Niko nyumbani. Hema limesimama, sufuria zimewasili, akina mama wa kanisa wanachambua mchele. Dinah simpati kwenye simu. Bila shaka yuko angani. Vijana watachimba kaburi usiku huu, kama ilivyo desturi. Nimewaonyesha mahali, kando ya Baba.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi Dinah akapiga simu. Ameona picha ya kaburi kwenye grupu, na anauliza ni kaburi la nani. Yeye ana tikiti ya Jumatano ijayo, kwa mazishi ya tarehe ishirini na mbili, alivyoambiwa na Barasa siku ile ile ya kikao. Nikamwambia mtandao ni mbaya. Nikakata simu. Nikahesabu tena kwa vidole nyuma ya choo. Kwangu ilikuja kumi na tano tu.

Nikamfuata Mzee Wabwile, mdogo wake Baba, nikamnong'oneza kwamba huenda kuna wiki imepotea. Hakushtuka. "Kaburi hailali njaa, kijana," akasema. "Ni mtu ama ni mgomba." Akaeleza kwamba watakata mgomba, wauzike humo kwa heshima, watu wale chakula waende zao, na wiki ijayo tuchimbe kaburi lingine Dinah akiwepo. Rahisi kabisa. Tayari alikuwa ameagiza panga.

Nikatazama watu. Lugulu nzima ilikuwa imekaa chini ya hema, na wengine wametoka Bungoma mjini. Katibu asimame mbele ya watu hao azike mgomba? Ningeitwa Wangila Mgomba mpaka nife. Wajukuu wangu wangeitwa watoto wa Mgomba.

Nikasema Dinah amenyimwa ruhusa. Nikasema haji tena, na ametuomba tumzike Mama leo.

Mzee Wabwile akarudisha panga. Nikatoa kibali, gari likaenda mochari, Mama akaletwa.

Mvua ilianza nikiwa ukurasa wa pili. Kipaza sauti kikakoroma, kikazima. Nikaendelea kwa kupaza sauti, lakini watu walikuwa wanahamisha viti. Simu ilitetemeka mfukoni muda wote wa kushusha jeneza. Nilijua ni nani. Sikuishika.

Jumapili, 16 Novemba

Barasa amefika kutoka Suam na gunia la mchele wa mazishi. Akaona tuta la kaburi. Nilidhani atanipiga, nikajipanga karibu na mlango. Hakunipiga. Aliketi kwenye matope na suruali yake nzuri, akalia kama mtoto. Afadhali angenipiga.

Nilimwambia kosa ni lake, kwa kuzima simu. Chepkosgei alitoka nje.

Alhamisi, 20 Novemba

Dinah amekuja. Hakuingia hata ndani, alienda moja kwa moja kwenye tuta akaegemeza kichwa pale. Hakupiga kelele. Nilikaa kwa mbali nikijua nimefanya jambo lisilorekebishika.

Baadaye aliniuliza swali moja tu. Mama alivaa nguo gani? Nikajaribu kukumbuka. Nilikumbuka waya wa kipaza sauti na karatasi zangu zilizolowa. Nguo sikuiona. Nikamwambia ya bluu. Chepkosgei akasema kwa sauti ya chini kwamba ilikuwa ya kijani, ile Dinah mwenyewe aliyomtumia. Tangu hapo Dinah hajanisemesha.

Jioni aliwaambia wengine kwamba anarudi kazini wiki mbili kutoka leo. Shangazi akauliza nani atampeleka uwanja wa ndege Eldoret. Barasa akafungua mdomo, nikamuwahi. Nitampeleka mimi! Nitampa heshima ya kaka, na njiani nitamweleza kila kitu vizuri. Ningemuuliza tarehe yenyewe, lakini haongei nami, na si lazima. Nimehesabu. Leo, moja. Alhamisi ijayo, mbili. Dereva nimeshamwambia.