Ghislain Bolduc Atia Moto Chumba cha Nyuma

Njooni, enyi wenye vidole vya baridi, nanyi mnaolala na soksi mbili mbili. Sogeeni niwahadithie habari za Ghislain Bolduc, Simba wa Rimouski, mji wa baridi kule Kanada, Mshika Bisibisi, mume wa Huguette, ambaye Jumamosi moja ya Januari aliingia vitani na ukuta wa nyumba aliyomo, na ukuta nao haukuwa mnyonge.

Chanzo cha vita kilikuwa chumba cha nyuma. Hita yake, ile ndefu inayolala sakafuni chini ya dirisha, ilikuwa imekata roho. Na mama mkwe wa shujaa, Bibi Alphonsine, ambaye hulala humo kwa kuwa magoti yake yameshakataa ngazi, alikuwa ametamka: chumba kisipopata joto kufikia kesho, Jumatatu anahamia nyumba ya wazee. Huguette alilia jikoni akisingizia vitunguu.

"Mwite fundi, mume wangu," akasema. "Sheria inataka mwenye leseni."

Shujaa akasimama, hita mpya kwapani mfano wa mkuki, akanena: "Fundi? Babu zangu waliifyeka misitu hii kwa shoka moja, leo mimi nishindwe na nyaya mbili? Si mimi niliyefunga taa ya kibaraza?"

"Inawaka mtu akibonyeza kengele," akasema Huguette.

Shujaa akachukua bisibisi yake. Akashuka chini ya nyumba hadi kwenye boksi la fyuzi, ngome ya kale, ambamo kila swichi ilibandikwa jina la mtoto kwa mwandiko wa marehemu baba mkwe. Kwani katika nyumba zetu umeme haujui vyumba, unajua watoto. Akaizima ya Marielle, aliyelala chumba cha nyuma hadi alipoolewa. Akapanda kwa maringo, akatangaza kwamba Marielle amezimwa, akapiga goti, akanyoosha mkono kwenye waya mweusi.

"Marielle gani?" Bibi Alphonsine akauliza kitini, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake. "Marielle alibadilishana chumba na Rosaire mwaka aliovunjika mguu. Baba yenu alishaandika, na alikuwa hafuti kitu, mbishi yule. Kama wewe."

Huguette akagusisha testa, kile kipima umeme, kwenye waya ule. Ikawaka nyekundu, volti mia mbili na arobaini, zimejikunyata kimya zikimngoja Simba.

Shujaa akatazama mkono wake kwa muda. Kisha akashuka tena, polepole zaidi, akaizima ya Rosaire, naye Huguette akapima mara tatu. Ndipo mapambano yakaanza: mweusi kwa mweusi, mweupe kwa mweupe, na huo mweupe akauvika tepu nyeusi ili vizazi vijavyo vijue kwamba nao unabeba umeme, nao unang'ata. Skrubu moja ilitorokea chini ya kitanda, ikafuatwa kwa tumbo, ikaletwa mateka.

Swichi ikarudishwa. Kisha harufu ya kuungua.

"Tokeni nje!" akanguruma Ghislain. "Huguette, mshike mama!"

"Kaa chini, mkwe," akasema Bibi Alphonsine. "Ni mafuta ya kiwandani hayo. Kila hita mpya hunuka siku ya kwanza. Wewe umeishi wapi?"

Akakaa. Wakangoja wote watatu, macho sakafuni, hadi bati la hita likaanza kulia tiki, tiki, na barafu ya kioo cha dirisha ikatoa machozi. Joto likapanda miguuni, likafika magotini, yale magoti yenyewe. Bibi Alphonsine akaweka ufumaji pembeni, akaomba simu, akapiga nyumba ya wazee. "Kile chumba mlichoniwekea mpeni Gertrude, naye anangoja zamu," akasema, akakata.

Huguette akaenda jikoni. Safari hii hapakuwa na vitunguu.

Basi iandikwe, na wanaoandika mambo ya wafalme wasogee wapishe nafasi: siku ile, nje nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, Ghislain Bolduc aliishinda baridi ya Januari kwa mkono wake, akasimama katikati ya chumba akingoja neno la mama mkwe, nalo likaja.

"Mkwe," akasema Bibi Alphonsine, akijipepea, "nifungulie dirisha kidogo. Mnataka kuniivisha?"