Bendi Itakayorudiana Naijua Mimi

Jumamosi, 6 Januari 2001

Gazeti la leo limeniburudisha. Bendi ya roki iliyovuma miaka ya sabini, kisha ikavunjika, itarudiana kwenye tamasha hapa Maskati, Alhamisi ya tarehe 25. Jina ni siri. Siri kwa wengine. Mimi nilisoma mistari ile mara mbili nikaijua: Marble Horses. Waingereza wanne, hawasemezani tangu 1978. Nnazo santuri zao zote tatu. Nilipohama Unguja niliacha suti, santuri nikazibeba.

Nikatangaza ofisini. Thabit wa dirisha la vibali akapinga, akasema ni Northern Bell. Thabit hawezi kutofautisha gitaa la besi na la solo. Anachokitaka ni kiti changu cha uenyekiti wa kamati ya burudani, nilichokikalia miaka tisa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nikikosea najiuzulu. Watu wakainamia mafaili yao. Waliinama kwa heshima.

Bwana Hatem, mtunza majalada, mtu mpole wa maneno machache, akasema huenda ikawa bendi ya watu wetu wenyewe. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya roki yana wataalamu wake. Akatabasamu, akarudi kwenye majalada.

Jumanne, 9 Januari

Uchunguzi umeanza. Mpwa wangu Khole yuko mapokezi kwenye hoteli kubwa. Alikataa kunitajia jina la mgeni yeyote. Binti amelelewa vizuri. Nikamwuliza tu kama wanatarajia wazee wa Kiingereza. Akakubali kwa shida: wanne, watafika tarehe 22. Wameomba magodoro magumu. Na wameulizia sana habari za ndege.

Magodoro magumu: migongo ya wapiga gitaa. Ndege: mwimbaji wao anaogopa kuzipanda, nilisoma kwenye jarida. Khole alitaka kuongeza neno. Nikamshukuru, nikakata simu. Mpelelezi hodari hujua pa kuishia.

Jumatano, 17 Januari

Nusu ya ofisi iko upande wangu. Thabit ameanza kula chakula cha mchana peke yake.

Hatem ameomba ruhusa kutoka mapema, mara ya tatu wiki hii, eti ana mazoezi. Nikampongeza. Kwa umri wetu mwili unataka mazoezi. Nikamshauri atembee ufukweni Azaiba asubuhi, aanze polepole. Akanishukuru.

Nyumbani nimemweleza mke wangu Nasriya kila hatua ya uchunguzi. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria bendi nyingine. Nikamwambia hapana, na kwa fahari.

Jumatatu, 22 Januari

Siku kubwa. Nilichukua ruhusa, nikatoka nyumbani Al Khoudh na Nasriya hadi uwanja wa ndege wa Seeb. Bango la kuwakaribisha, kopo la halwa, santuri zangu tatu na kalamu ya wino mweusi.

Wakatoka. Wazee wanne, mmoja mvi zimemfika mabegani. Nikawajua papo hapo, ingawa kwenye picha za santuri ni vijana na wamevaa ngozi. Nikawapa halwa. Wakafurahi sana. Nikawapa kalamu na santuri; wakatazamana, wakatia saini, wote wanne. Yule wa mvi akauliza kama ndiyo desturi hapa kwa kila mgeni. Nikamjibu: kwa wakubwa tu.

Kisha akatoa darubini mkobani, akauliza kama heroe wameshafika pwani. Nikamwambia mji mzima unasubiri. Sikumwelewa, lakini msanii hajibiwi hovyo.

Nasriya akaninong'oneza, "Baba Nawar, hawa wamekuja kutazama ndege. Ndege wa manyoya, kama hao heroe."

Nikamweleza kwamba watu maarufu husafiri kwa kujificha. Akaniomba funguo za gari. Alitaka kuendesha yeye.

Alhamisi, 25 Januari

Ofisi nzima ilikuwepo. Nilikaa mstari wa mbele, santuri zenye saini mapajani.

Mtangazaji akasema: Mwangwi, bendi iliyopiga roki Dar es Salaam tangu 1972, wakatawanyika, leo ni wakaazi wa Maskati. Wakapanda wanaume wanne waliovaa kanzu na kofia. Wa gitaa la solo alikuwa na gitaa jekundu. Alikuwa Hatem.

Nilitaka kuondoka. Akapiga. Sikuondoka.

Naandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu: sijapata kusikia gitaa likisema namna ile, si kwenye santuri zangu, si popote. Nasriya aliimba kila neno. Nikamwuliza amezijulia wapi nyimbo hizo. Akasema alicheza kwenye dansi zao akiwa kidato cha pili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukinieleza wewe," akasema. Macho yake hayakutoka jukwaani.

Nikapiga makofi hadi viganja vikauma. Thabit naye alipiga. Hata yeye alikosea, na hilo lilinisaidia kidogo.

Jumamosi, 27 Januari

Nimejiuzulu asubuhi, kwa kusimama, kama mwanaume. Thabit alikuwa ameshavaa kofia mpya. Kura zote zikaenda kwa Hatem, ikiwemo yangu.

Baadaye Hatem alivuta kiti karibu yangu. Akasema, "Mutasim, miaka saba meza zetu zinatazamana. Hukuwahi kuniuliza nnapenda nini."

Nikamtaka radhi. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nimeguswa, wallahi.

Kisha akanisimulia kwamba Mwangwi walikuwa watano. Mpiga kinanda alipotea 1976, na hawajui aliko. Nikamwambia asihangaike tena. Hivi mimi nashindwaje kumtambua mtu wa namna hiyo? Bakhit, muuza manukato wa Madinat Sultan Qaboos, hugonga meza kwa vidole vyote kumi mteja akichelewa kuchagua. Nilikwenda saa tisa. Nikamwambia mambo yamejulikana. Akaapa kwamba yeye ni mtu wa Salala, Afrika hajafika, kinanda hajakigusa, na Kiswahili hakijui hata neno.

Amekana yote, moja baada ya jingine, bila kusita. Ndipo nilipopata hakika kuwa ni yeye.