Tikisa Kabla ya Kutumia

Mambo ya Sabuni yaliharibika Jumanne, saa nne na robo asubuhi, fundi cherehani alipomtokea langoni mwa zahanati, penye biashara yake, na watu kumi na mmoja nyuma yake, kila mmoja na chupa mkononi.

Waliomwita Sabuni hawakukosea: ukimshika, anateleza. Watu hawa alikuwa amewauzia mafuta ya mgongo, yaani mafuta ya kupikia, kafuri kidogo, na lebo nzuri kuliko dawa yenyewe. Fundi hakuja kwa mzaha. Mgongo ulimtesa mwaka wa tatu, kukaa nusu saa hawezi, na mkwewe, mke wa mwanawe, alishatangaza kwamba hali ikibaki hivyo miezi miwili zaidi, cherehani inauzwa. Nayo ilikuwa ya marehemu mkewe.

Sabuni akaingia zahanati kama aliyeitwa, akajibanza nyuma ya mlango wa mganga mkuu. Mlango ule, uliofungukia nje kwenye ukumbi wa wagonjwa, ulikuwa wazi siku zote. Bawaba zimeota kutu, na mkubwa mwenyewe aliona vizuri aonekane yuko kazini hata siku asipokuwepo. Huko nyuma pua ya Sabuni ikagusana na bango la ukutani lililojaa vumbi: Mazoezi kwa Wenye Maumivu Sugu ya Mgongo. Picha ya mtu amelala chali, anainua kiuno. Mwingine kapiga magoti na kiganja kimoja chini, ananyoosha mkono huu na mguu ule. Mwingine anatembea tu.

"Toka, mwanangu," fundi akasema. "Viatu vyako tunaviona."

Akatoka anatabasamu kama mwenye nyumba. Akauliza, kwa sauti ya kutoa pole msibani, kama waliifuata lebo: tikisa kabla ya kutumia. Wakasema walitikisa.

"Mlitikisa nini?"

"Chupa."

Sabuni akashika kichwa. "Kwani chupa inaumwa mgongo, mzee wangu?"

Watu wote wakainamia lebo. Kusema haki, lebo haikutaja chupa.

Basi akalala sakafuni na suti yake, akawaonyesha yote aliyoyaona nyuma ya mlango. Kila siku, polepole, wiki nane, ndipo mafuta yapakwe. Ukiruka siku, dawa imekufa, usije kudai. Alikuwa anawajua binadamu: nani atamaliza wiki nane?

Asilolijua ni cherehani. Kila alfajiri fundi alitandika kitambaa chini ya meza ya kukatia, akainua kiuno huku anaguna. Jirani zake wakaja kucheka, wakabaki. Wiki ya tatu alivaa viatu bila kusaidiwa. Wiki ya nane alishona shati zima, kola na vifungo, ndipo akasimama. Maumivu hayakwisha, ila yalijua adabu. Mkwewe akaleta kitambaa, ashonewe gauni. Chupa ya fundi haikufunguliwa tena.

Sabuni akasikia watu wamepona, akaja mbio na makreti mawili ya mzigo mpya. Akainama kuyatua. Mgongo ukasema ka, naye akabaki amepinda kama ndoana.

"Nisaidie, baba."

Fundi akamtazama kwa utulivu. "Umetikisa?"

Walimfundisha, lakini ada ilikuwa makreti yote mawili. Sabuni akalala chini ya meza ile ile, anainua kiuno, anawahesabia chupa kwa macho.

Chupa moja fundi aliipeleka zahanati. Akaimimina kwenye bawaba za mlango wa mganga mkuu, kidogo kidogo, akausukuma. Ukafungika bila kelele. Bango, lenye tarehe ya miaka tisa nyuma, likatokea mbele ya benchi la wagonjwa, watu ambao muda wote huo wanaambiwa humo humo wakalale, wapumzike, wazoee.

Mganga mkuu akatoka kuuliza nani kagusa mlango wake. Fundi akasema ni yeye, akamuuliza naye swali moja tu. Mkubwa akajibu kwamba atauliza wakubwa wake, nao bado wanaulizana: miaka yote tisa, kuufunga mlango ule ilikuwa kazi ya nani?