Salfa Kwenye Shati la Hamidu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Newala, baridi kali. Bahati imebisha hodi! Ripoti ya maabara kuhusu salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, iliyoibwa kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima imefika. Kurasa sita. Mlalamikaji mwenyewe, mwenyekiti wa chama, hajaelewa kitu. Kaja kibandani kwangu, hapa nje ya mahakama ninapoandikia watu barua, akaniomba nimfafanulie. Nikifanya vizuri, hakimu ataniita ndani niwe mfafanuzi wa kudumu. Josephina, karani wa mahakama, anayeniita mwandika barua za posa, atakoma!

Jumanne, 15 Julai
Kurasa sita nimezifanya mstari mmoja: "Mwenye salfa kwenye nguo ndiye mwizi." Kwa kweli ripoti inasema tu kwamba unga wa kwenye shati la mshtakiwa, jirani yangu Hamidu, ni salfa ya aina ile ile ya ghalani, ila haijulikani imetoka mfuko upi. Hilo la mfuko nimeliruka. Linachosha.

Mama Faidha, mke wa Hamidu, kaja analia. Akaniuliza, Baba Isabela, mume wangu atafungwa? Nikamwambia sayansi haijui jirani. Kaondoka bila kuaga. Nilijisikia vibaya mpaka chai ilipokuja.

Jumatano, 16 Julai
Alfajiri shambani Mnyambe, kupulizia mikorosho salfa kabla umande haujakauka. Meno yanagongana! Nikavaa koti langu la mahakamani. Ninalo hilo hilo.

Alhamisi, 17 Julai
Aibu! Mwenyekiti kampa hakimu karatasi yangu. Mtaalamu wa maabara akasema hakuandika hivyo, na kwamba msimu huu nusu ya Newala ina salfa nguoni. Hakimu akausoma mstari wangu kwa sauti, akauliza nani kaandika. Nikasimama kifua mbele, nikakung'uta koti. Wingu la njano! Josephina akapiga chafya tatu. Hakimu akasema kwa ufafanuzi huu, mwizi kajileta mwenyewe. Watu wakaangua kicheko, Mama Faidha kuwashinda wote.

Hamidu kaachiwa. Koti langu limeshikwa na polisi.

Ijumaa, 18 Julai
Natetemeka kibandani. Koti limepelekwa maabara. Ripoti yake haijaandikwa, lakini ufafanuzi wake ninao tayari, mstari mmoja tu: "Salfa kwenye nguo ni dalili ya mtu mchapakazi."