Dereva Asiye wa Kwenye Picha

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi wa nne kazini. Bado sijafukuzwa. Meza yangu ni ya malalamiko: mtu anaita teksi kwa simu, dereva anamtenda, ananiandikia mimi. Sheria ni moja: lalamiko lifungwe ndani ya saa ishirini na nne. Si litatuliwe. Lifungwe. Unabonyeza kitufe, abiria anapata ujumbe kwamba tunathamini usalama wake. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Umeme, alifunga sabini. Mimi, hadi saa sita mchana, nilikuwa nimefunga tisa tu, kwa sababu huwa nayasoma. Umeme akaniuliza kama najiandaa na mtihani. Msimamizi akacheka. Nikaona mwisho wangu. Mpango: kuanzia mchana, nisisome. Nikafika sitini na moja!

Jumanne, 4 Machi
Dada yangu mkubwa, aliyenilea, ameumia. Jana saa kumi alasiri aliita gari letu limtoe kwenye chumba chake cha ushonaji. Dereva hakuwa yule wa kwenye picha. Alipouliza, akaambiwa picha ni ya zamani. Gari likapita nyumbani bila kusimama. Milango ikafungwa kutoka mbele, akaambiwa anyamaze. Kwenye foleni Dada alishusha kioo, akajitupa nje kupitia dirishani. Mkono wa kulia umevunjika. Mkono wa mkasi! Hakulia. Alisema mimi si nafanya kazi humo humo, basi nimtafutie jina la yule mtu, hilo tu. Nikamjibu kwamba hilo dogo. Kwa nini nilisema dogo?

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia mzee wa kwenye picha, mstaafu mpole. Akasema usajili wake aliukodisha kwa mpwa wake, mpwa akampa rafiki, rafiki huenda naye kampa mtu. Yeye mwenyewe hajashika usukani tangu macho yaanze kumsumbua. Jina la huyo wa mwisho hajui. Akaniuliza kama mimi ninalo.

Kisha nikafungua kumbukumbu za gari. Heri nisingefungua. Asubuhi ya Jumatatu muuguzi mmoja alilalamika: dereva si wa kwenye picha, milango ilifungwa. Lalamiko limefungwa saa nane na robo. Na mimi. Dada alipanda saa kumi.



Alhamisi, 6 Machi
Mpango! Nilifungue tena lalamiko la muuguzi, nilisukume kwenye orodha ya Umeme. Umeme haogopi mtu, atalifuatilia. (Tena jina la mwisho kwenye lalamiko litakuwa lake, si langu. Hilo nililifikiria pia. Kidogo.) Alipokwenda kuchukua chai, nikalisukuma. Akarudi, akalifunga kabla hajaketi sawasawa. Kikombe hata hakukiweka chini.

Mtambo nao ukaandika kwa wino mwekundu nani alilifungua tena, saa na dakika. Sasa jina langu limo mara mbili. La Umeme mara moja.

Ijumaa, 7 Machi
Dada alikuja ofisini, mkono umening'inia shingoni. Hakuja peke yake. Aliyemfunga plasta ndiye yule muuguzi! Walikuwa wakihadithiana tu, kumbe gari ni moja.

Msimamizi aliwaambia kwa upole kwamba madereva si waajiriwa wetu, sisi tunawakutanisha watu tu. Muuguzi akamuuliza ni mshenga gani asiyemjua bwana harusi. Umeme akacheka, kisha akajidai anakohoa.

Msimamizi akasema pia kwamba kampuni haikuwa na habari zozote kuhusu gari hilo. Hapo Dada akanigeukia. Akataka niandike, kwa sahihi yangu, kwamba lalamiko la muuguzi lilifika kabla yeye hajapanda. Bila karatasi hiyo, alisema, kesi anayotaka kuifungua ni maneno matupu. Nani alilifunga, hakuuliza. Nadhani anajua. Nikamwambia nitaandika Jumatatu. Akaniambia, mdogo wangu, yule mtu anaendesha hata leo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeandika! Rasimu tano. Ya mwisho fupi, safi, ya kweli tupu. Kabla ya kumpelekea Dada nikampa Msimamizi, anikagulie lugha tu. Akasoma, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani mwake. Akanisifu kwamba nina mwandiko wa mtu makini, napotea bure kwenye malalamiko. Kesho nahamia meza ya usajili wa madereva. Nikamshukuru. Karatasi sikuidai.

Nyumbani Dada alinitazama usoni mara moja, akamwita jirani aje kumfungua vifungo vya blauzi. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Jumanne, 11 Machi
Meza mpya. Utulivu! Huku hakuna anayelalamika. Kazi ni kulinganisha uso wa dereva mpya na kitambulisho chake. Nimejiapiza kuwa makini, kwa ajili ya Dada. Nyuso thelathini nimezipima kwa rula. Wa thelathini na moja alipiga picha akiwa kivulini, macho hayaonekani. Nikaanza kumwandikia atume nyingine. Lakini barua ya namna hiyo lazima Msimamizi aidhinishe, na hii ndiyo kwanza siku yangu ya kwanza.

Nikampitisha.