Masikio ya Marehemu

Sukari aliingia makumbusho ya malenga kwa sababu moja tu: mvua ilikuwa inanyesha, na tiketi ilikuwa rahisi kuliko mwavuli. Mashairi hayakumhusu. Jina la Sukari alipewa na watu aliowatapeli, kabla hawajajua kuwa wametapeliwa.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya vyumba vitatu, aliyoishi malenga mpaka kufa kwake. Chumba cha kwanza kitanda chake, cha pili vitabu vyake, cha tatu meza aliyoandikia. Juu ya meza, ndani ya kisanduku cha kioo, kalamu inang'aa. Kikaratasi kilisema: "Kalamu ya dhahabu ya marehemu. Usiguse." Sukari akasahau mvua.

Alikuwa bado anakisia sonara atampa kiasi gani, mara mama mmoja, mgeni kama yeye, akamtazama, akatazama picha kubwa ukutani, akamtazama tena.

"Samahani kaka, wewe ni wa ukoo huu?"

"Kwa nini?"

"Hayo masikio."

Sukari akainua macho. Kwenye picha kulikuwa na mwanamume wa makamo, masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria. Ni masikio yake yeye Sukari, yale yale aliyochekwa tangu darasa la kwanza. Leo yalikuwa tayari kumlipa fidia.

Machozi yalimtoka ndani ya dakika mbili. Matapeli wachanga hutumia kitunguu. Yeye alikuwa fundi.

Mjane wa malenga, bibi mwembamba aliyekuwa anakata tiketi mlangoni, akaja haraka. "Mwanangu, una nini?"

"Mama," Sukari akasema, akamshika mikono yote miwili, "aliyenizaa alinificha baba alikokwenda mpaka siku anakata roho. Nimekuja kumwona. Nimechelewa."

Mjane akayaangalia yale masikio kwa muda mrefu. Mwenye moyo mwepesi asisome hapa.

"Nilijua tu iko siku," akasema, akamkumbatia. "Marehemu na safari zake zile. Karibu nyumbani, baba."

"Sitaki nyumba, mama. Sitaki chochote. Labda kumbukumbu ndogo tu. Hata hiyo kalamu."

"Ni yako hiyo, ya nani tena? Ila paa linavuja, baba. Maji yanaangukia mashairi ya mzee wako, mwaka kesho hayasomeki. Sema na wageni. Wakikuona wewe mwanawe unatangulia kutia kitu kwenye sanduku la mchango, nao watatia."

Sukari akasema. Alisimulia malenga alivyombeba begani, alivyomfundisha vina, alivyoondoka asubuhi bila kugeuka nyuma. Wageni kumi na tano walilia. Halafu akatoa pochi na kuimwaga yote sandukuni, maana mvuvi halii kwa ajili ya chambo. Wageni wakapanga foleni nyuma yake. Mjane akamfungia kalamu kwenye leso, akambusu paji la uso.

Sonara aliikwaruza mara moja tu. "Shaba hii. Tena imepakwa rangi."

Sukari alirudi makumbusho anafuka moshi. Wageni wameondoka. Mjane alikuwa ameinama mezani, anaweka kalamu nyingine inayong'aa ndani ya kisanduku cha kioo.

"Hiyo ya ngapi?" Sukari akauliza.

"Ya nane. Malenga ana watoto wengi, Mungu amrehemu."

"Na wote walikuwa na masikio haya?"

"Hapana. Mmoja alikuja na pua. Mwingine alikuja na kipara tu, nikamhurumia." Akafunika kioo. "Mume wangu hakupenda kupigwa picha hata siku moja. Huyo wa ukutani alikuja na fremu kutoka dukani. Na mashairi yake yote aliandika kwa penseli."

Sukari akatafuta kiti. "Nirudishie pesa zangu, bibi."

"Asubuhi nilikuwa mama. Pesa zimo sandukuni, na ufunguo anao mwenyekiti wa kamati yetu, yule mkuu wa kituo cha polisi hapo kona. Anapenda sana mashairi. Nenda kamweleze ulivyotapeliwa. Ila uanze mwanzo."

Sukari akachungulia sandukuni kupitia tundu la kutilia pesa.

"Wale sita walisema maneno mawili wakala kona na kalamu zao," mjane akaendelea, taratibu. "Wewe umeliza watu kumi na tano. Pesa za paa bado nusu. Jumamosi saa nne uje, umenyoa."

"Na nisipokuja?"

"Mwenyekiti ameshasikia kuwa mtoto wa malenga amepatikana. Ana hamu mno ya kukuona. Asipokukuta hapa, atakutafuta mwenyewe."

Jumamosi saa nne Sukari alisimama mbele ya ile meza, kidevu laini, shati limepigwa pasi. Mkuu wa kituo alikaa kiti cha mbele kabisa, kofia magotini, daftari mkononi.

"Baba alinibeba begani," Sukari akaanza.

"Mtaa gani?" mkuu akauliza kwa upole. "Na mama aliyekuzaa anaitwa nani? Taja polepole, naandika historia ya maisha ya malenga."

Sukari akatupa jicho mlangoni. Mjane alikuwa ameweka kiti chake katikati ya njia, anakata tiketi, na foleni ilikuwa imefika barabarani.

"Usiwe na haraka, mwanangu," mkuu akasema, akafungua ukurasa mpya. "Mimi leo sina zamu."