Mitungi Tu

Voi
12 Agosti 1974

Kwa Bwana Chifu,

Pokea salamu zangu na heshima zote unazostahili. Mimi ni Zephaniah Mwakio, fundi wa kuchomelea vyuma karibu na stesheni. Sijawahi kukusumbua, isipokuwa zile barua nne kuhusu mbuzi wako.

Mwezi wa Januari daktari aliniambia mgongo wangu umekwisha kazi ya kubeba. Mitungi yangu ya gesi hushushwa stesheni kutoka Mombasa, na ule wa oksijeni ni mzito kuliko mimi nikiwa nimeshiba. Basi nikavunja kitanda chetu cha chuma, nikakata, nikachomelea kigari cha magurudumu mawili, chenye mnyororo wa kufunga mitungi ikiwa wima. Mke wangu Alice analala chini hadi leo, na amenieleza maoni yake. Lakini kigari kilitoka kizuri, Bwana Chifu, nikakipenda.

Majirani wakaanza kukiazima kwa magunia, makabati, hata ng'ombe mchanga mgonjwa. Ili kuwazuia nikaandika ubavuni, kwa rangi nyekundu: MITUNGI TU. Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Asubuhi iliyofuata nilikuta wanawake kumi na mmoja wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja na mtungi wake wa maji. Kiongozi wao, jirani yangu Bi Mwanamina, alisoma maandishi kwa sauti, akanishukuru kwa ukarimu, akaondoka na kigari kwenda bombani. Nilipomwambia kwamba nilimaanisha mitungi ya gesi, alinijibu kwa kile Kiswahili chake cha pwani, kinachonirudisha darasa la pili, kwamba mtungi ni wa maji tangu enzi za bibi zake, na changu ni chupa ya chuma iliyojipa jina.

2. Jumamosi, Hudson wa posta alirudishwa kwake na kigari hicho hicho kutoka kwenye pombe ya mbangara. Wenzake walieleza kwamba alikuwa amepiga mtungi, na kwa kuwa mtungi mzima sasa uko ndani yake, maandishi yamefuatwa.

3. Nilimshtakia askari wako, Thadeus. Akasoma, akafikiri sana, akaamua kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Sasa husimama penye kivuko cha reli akikagua kila mzigo, na kisicho mtungi hushushwa. Jana alishusha sanduku langu la vifaa.

4. Mitungi yangu, ambayo ni mitungi, naiviringisha chini kama magogo, kwa kuwa kigari kiko bombani kutwa. Gesi ya asetilini haitaki kulazwa, na mgongo wangu hautaki kuinama. Pampu ya ranchi moja ya Kishushe inaningoja wiki ya tatu. Naogopa, Bwana Chifu. Nikiumia tena, ufundi wangu umekwisha, na sijui kazi nyingine.

Kwa hivyo naomba uitishe baraza upige marufuku mtungi wa maji katika lokesheni nzima. Sisemi chombo, nasema neno. Wauite nyungu au debe, nitavumilia. Ikishindikana, Bi Mwanamina ahamishiwe Mboghoni, ambako maji huenda shambani yenyewe kwa mfereji bila kusumbua mafundi.

Nisalimie mkeo Mama Gertrude, wazee wa baraza, na wale mbuzi.

Mimi wako mtiifu, hadi sasa,
Zephaniah Mwakio

N.B. Mwandiko umebadilika kwa sababu naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nilipotia sahihi nilikwenda stesheni kuinua mtungi wa oksijeni, mgongo ukanishika, nikaanguka papo hapo. Bi Mwanamina na wenzake walikuwa wakipita. Walimwaga maji waliyoyapangia foleni tangu alfajiri, wakanilaza kigarini, wakanifunga kwa mnyororo wangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Januari kulalia kitanda changu. Penye reli Thadeus alitusimamisha, akauliza huo ni mzigo gani. Bi Mwanamina akasema ni mtungi. Thadeus hakuridhika. Akaniinamia, akaniuliza mwenyewe kama ni kweli, na kama ni kweli, mtungi wa nini.

Nilimjibu kwamba mimi ni mtungi wa maji.